Topili wa Nyumba ya Velasco

Siku Fidencio Velasco alipotajwa kuwa topili wa kijiji chake, alikuwa amepiga magoti chini ya mzabibu huko Madera, California, kisu kilichopinda mkononi, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Kijiji chenyewe, Santa Inés del Encino, kiko milimani Oaxaca, kusini kabisa mwa Meksiko, na Fidencio alikuwa hajakanyaga huko kwa miaka kumi na tisa. Lakini kwa watu wa Santa Inés umbali si udhuru. Zamu yako ikifika mkutano unakutaja, uwe shambani kwako, uwe Marekani, uwe mwezini.

Alikuwa anaufuatilia mkutano kwa simu, ameiegemeza kwenye shina la mzabibu. Kule kijijini aliyeshika simu ukumbini alikuwa mama yake, bibi Eufrosina, na huyo mama, Mungu ambariki, hajawahi hata siku moja kujua jicho la simu liko upande gani. Fidencio aliona dari. Akaona aproni. Akaona kidole gumba kimeziba kila kitu.

"Mama, geuza simu!"

"Nimegeuza!"

"Umegeuzia ukutani."

"Basi tazama ukuta. Si ukuta wa kwenu? Babu yako ndiye aliyeupiga lipu."

Mkutano wa Santa Inés huanza vilevile kila mara. Karani anaziita nyumba moja moja, na mwenye zamu wa nyumba hiyo anajibu kwa sauti, "Ipo!" Bibi Eufrosina haitikii, maana wazee waliokwisha kutumikia hupumzishwa na hawahesabiwi tena. Nyumba ya Velasco ilipoitwa kukawa kimya, kama siku zote. Kisha karani akasema maneno yaleyale ya siku zote, "Yuko Kaskazini," akaendelea na nyumba inayofuata. Fidencio hajawahi kukizoea kimya kile. Angeweza kupiga kelele simuni mpaka koo likauke, lakini sauti ya simu haihesabiwi kule. Wanataka mwili wako, na viatu vyako vyenye tope mlangoni.

Walipofika kwenye kuteua matopili, simu ikakatika. Ilipokuja kurudi, mama yake alikuwa anavuta kamasi.

"Wamekutaja, mwanangu."

"Nani kanitaja?"

"Aa, mkutano. Mkutano ni mkutano, usiniulize nani."

Mstari wa pili alikuwepo Chano, rafiki yake wa tangu utotoni na baba wa ubatizo wa mwanawe mdogo, mtu asiyejua kufunga mdomo hata akilala. Akanyanyua kichwa kutoka kwenye majani. "Topili? Wewe? Kompadre, topili ni kazi ya vijana wenye magoti mazima! Utawakimbizaje walevi na hayo magoti yako yanayolia kama mlango mbovu?" Akacheka mpaka zabibu zikamponyoka. Alipoona Fidencio hacheki, naye akanyamaza, na kwa Chano hilo si jambo dogo.

Maana topili ndiye mtumishi wa chini kabisa wa kijiji. Anapiga kengele, anapeleka ujumbe nyumba kwa nyumba, anafagia ofisi, na sikukuu ikifika anawakamata walevi na kuwalaza mahabusu mpaka akili ziwarudie. Mwaka mzima, bila mshahara. Mara ya kwanza Fidencio alipotajwa, marehemu baba yake aliifanya kazi hiyo kwa niaba yake, mzee wa watu, mgongo umepinda. Mara ya pili ilikuwa mwaka uleule mzee alipofariki, na mkutano ukawahurumia wafiwa. Sasa ilikuwa mara ya tatu, na mara ya tatu haina huruma. Ukikataa, nyumba yenu inafutwa. Bomba la maji linakatwa, na mama yako siku yake ikifika hazikwi pale makaburini kando ya mumewe.

Na akikubali je? Kwenda si kazi, ndege inakuchukua na kukuaga vizuri. Kurudi ndiko kwenye moto. Fidencio hakuwa na karatasi yoyote ya kumrudisha Marekani, na jangwa alilolivuka akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili asingeliweza tena na magoti yale. Mkewe Herlinda alikuwa Madera. Binti yake Yaretzi na wavulana wake wawili wadogo walizaliwa Madera. Sasa nyie niambieni, hapo mtu anachagua nini?

Alichochagua kwanza ni kutafuta wa kumlaumu. Akampata upesi: don Tránsito, mwenyekiti wa mkutano, jirani yao, ambaye aliwahi kugombana na marehemu baba yake juu ya mstari wa mikonge mpakani mwa mashamba yao. Nani mwingine? Jumapili yake Fidencio akampigia, na bila hata kumsalimu akaanza kummiminia. Alimwita mla mipaka. Akamwita mbuzi mzee anayekula mimea ya jirani kisha anafuta ndevu na kwenda kanisani. Don Tránsito alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Basi endelea, nimekaa zangu juani hapa, sina haraka."

Fidencio akarudia lile la mbuzi.

"Sikukutaja mimi, kijana," don Tránsito akasema. "Na aliyekutaja simsemi. Salimia wanao."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Fidencio alikuwa anakaa mezani, Herlinda anamwekea tortila za moto, zile chapati za mahindi, na maharage, naye anazitazama tu mpaka zinakuwa ngumu. Herlinda ni mwanamke wa maneno machache. Alivumilia, alivumilia, mpaka Jumapili moja mchana alipofungua kabati kutafuta blanketi akalikuta begi, limeshafungwa zipu, ndani mna suruali mbili na koti la baridi ya milimani. Akalileta begi jikoni akalitupa katikati ya meza, juu ya sahani.

"Ulikuwa uniambie lini? Ukishapanda ndege?"

"Herlinda..."

"Usiniite Herlinda! Hao watoto niwaambie baba yao amekwenda kupiga kengele?"

"Mama atakatiwa maji. Atazikwa wapi, niambie? Nje ya ukuta, kama mbwa?"

"Na mimi nitazikwa wapi? Mimi utanizika kwa simu?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Yaretzi, ametoka zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha kupaki zabibu kavu, wavu wa nywele bado kichwani. Alikuwa amemaliza sekondari mwaka ule na alitakiwa kuanza chuo cha hapo mjini Januari. Akatazama begi. Akatazama maharage yaliyorukia ukutani.

"Nani anasafiri?"

Yaretzi akachomoa kiti akakaa, akachukua tortila iliyokuwa chini ya begi akaanza kuitafuna. Yule msichana njaa haijawahi kumngoja.

"Ni ule utopili? Bibi kaniambia. Ninamwuliza kila siku na kila siku analia, haniambii vizuri." Akameza. "Baba, hebu nieleze. Zamu ni ya mtu au ya nyumba?"

"Ya nyumba," Fidencio akasema.

"Na mimi ni wa nyumba gani?"

Jamani! Miaka yote ile, baba na mama wamekaa wanapasua vichwa, na swali hilo halijawahi kupita hata mlangoni kwao. Walipohesabu watu wa nyumba ya Velasco walihesabu waliovuka jangwa tu. Watoto waliwahesabia Madera, shule ya Madera, basi la shule la Madera, kana kwamba mtu akizaliwa hospitali ya huku basi damu ya kule inabaki kwa mkunga. Kosa hilo watu wa Santa Inés walioko Kaskazini wanalifanya wote, na hakuna anayeliona mpaka mtoto amwonyeshe.

"Wewe una chuo," Fidencio akasema.

"Chuo hakina miguu, nitakikuta."

"Utalala kwenye baridi. Utafagia. Utatukanwa na walevi."

"Baba, nimekua mjomba Chano akiwa mezani kwetu. Matusi gani ambayo sijayasikia?"

Herlinda alicheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni. Yaretzi akaendelea kwa upole. "Nina pasipoti kwenye droo. Mliniondolea woga wa mpaka tangu sijaota meno, halafu hamkunituma popote. Naenda na ninarudi, mchana kweupe, mlango wa mbele. Nyie hamuwezi. Mimi naweza. Kwa nini nisiende?"

Fidencio alitaka kukataa. Alifungua mdomo kabisa. Lakini akalitazama lile begi juu ya meza, akalishusha sakafuni.

"Mpigie bibi yako," akasema.

Simu ikaita. Ikaonekana dari, kisha aproni, kisha sikio la bibi Eufrosina, maana alidhani simu ya picha nayo huwekwa sikioni. Yaretzi akamweleza. Upande wa pili kikaja kilio, si kile cha kuvuta kamasi, ila kilio chenyewe.

"Mama, unalia nini sasa? Ni habari njema," Fidencio akasema.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekutaja! Nilisimama mbele ya watu nikasema, Fidencio Velasco. Tránsito akaniuliza, mama, una hakika? Akaniuliza tena. Nikasema nina hakika. Na simu nikaikata mimi mwenyewe usije ukanisikia."

Hebu fikirieni! Mama asiyejua jicho la simu liko wapi, kitufe cha kukata alikijua.

"Mama, kwa nini?" Sauti ya Fidencio ilikuwa ya mtoto.

"Kwa sababu nimechoka kubusu kioo!" bibi Eufrosina akasema kwa hasira, hasira ya kweli. "Baba yako amekufa akikiangalia kioo hiki, anakifuta kwa shati akidhani machozi yako yako kwa nje. Na mimi nife hivyo hivyo? Nikikuomba uje, unaniambia mwakani, mama. Kila mwaka mwakani! Nikasema, basi mkutano utamleta. Nilikuwa sijakaa chini nikajuta. Nikawaza, nimemvunjia mwanangu nyumba. Tangu siku hiyo chakula hakipiti."

"Hata mimi hakipiti," Fidencio akasema.

"Nimesikia. Herlinda kaniambia. Nisamehe, mwanangu."

Fidencio aliweka uso kwenye viganja akalia, kisha katikati ya kulia akaanza kucheka, na hakujua lini kimoja kiliishia na kingine kikaanza. Wiki zote zile alikuwa anajiona mtu aliyefukuzwa, mtu ambaye kijiji kizima kimemkalia kikao kumchimbia shimo. Kumbe ni mama yake tu, anamtaka. Hakuna aliyemchukia. Mzigo ulimtoka mabegani.

"Mama mkwe," Herlinda akasema akifuta macho, "umetuua, na sasa umetufufua. Kula, tafadhali."

Kabla ya kitu kingine chochote, Fidencio alimpigia don Tránsito.

"Mzee, nilikutukana bure. Naomba radhi. Na zamu yetu anataka kuja kuitumikia binti yangu, Yaretzi."

"Nilisikia. Lile la mbuzi lilikuwa zuri, nimewasimulia wajukuu." Mzee akakohoa. "Mama yako aliniomba nifunge mdomo, nikafunga. Ila kuhusu huyo binti, siahidi kitu. Haijawahi kutokea. Mlete, mkutano umwone."

Desemba, mavuno yameisha na ukungu umekaa juu ya Madera, walimpeleka Yaretzi mpaka kwenye geti la uwanja wa ndege. Fidencio alimpa lile koti la baridi. Lilimfika magotini. Alitembea akapita kwa maafisa akiwa na pasipoti mkononi, hakuna aliyemkimbiza, hakuna aliyepiga filimbi, akageuka akapunga mkono. Fidencio alikuwa hajawahi kuona mtu wa damu yake akiuendea mpaka kwa kutembea taratibu namna ile. Ilimbidi ashike mkono wa mkewe.

Mkutano wa kumkubali au kumkataa aliufuatilia jikoni, Chano amebanana naye kwenye simu, Herlinda nyuma yao. Dari. Aproni. Kofia. Sauti zilisikika vizuri lakini.

"Msichana wa Kimarekani!" mwanaume mmoja akasema. "Wiki ya kwanza atataka kurudi kwa mama yake."

"Topili anakamata walevi," mwingine akadakia. "Huyu atawakamata vipi? Atawaimbia?"

Ukumbi ukacheka. Fidencio akasaga meno. Ndipo aproni ikasimama, picha ikayumba, na sauti ya bibi Eufrosina ikatoka karibu kabisa na simu. "Mume wangu alipokuwa topili, walevi mlibebwa na nani? Yeye alishika mikono, miguu nilishika mimi! Wewe Aurelio, unayeuliza, wewe ulikuwa mzito kuliko wote, na ulinitapikia kwenye viatu. Nikutajie sikukuu ipi?"

Kicheko kilichofuata kilimfanya Chano apige meza kwa ngumi. Aurelio hakusikika tena siku hiyo.

Kisha don Tránsito akasema, kwa Kimixteko, lugha ya kijiji, polepole, "Binti, wewe ni wa nani?"

Kule kwao hilo ndilo swali, na mtu hulijibu kwa lugha aliyoulizwa. Yaretzi alikijua Kimixteko cha jikoni na cha simu, alichofundishwa na bibi yake kwa miaka kupitia kile kioo. Akajibu. Jina lake, jina la baba, la babu, mlima ulio juu ya nyumba yao. Lakini alijibu kwa maneno ya bibi yake, maneno ambayo vijana wa kijijini wenyewe wamekwisha kuyaacha, na kwa ile sauti ya kuvuta mwisho wa sentensi.

Halafu mama mmoja akaangua kicheko. "Mungu wangu, anaongea kama marehemu nyanya yangu!"

"Kama ajuza wa miaka tisini!" mwingine akasema, na kicheko safari hii kilikuwa cha namna nyingine, cha watu waliofurahi.

Don Tránsito akanyoosha mkono juu wa kwanza. Fidencio hakuuona, aliona dari, lakini alisikia mbao za mabenchi zikilia watu wakinyanyuka kunyoosha mikono, na karani akisema inatosha, inatosha, shusheni. Herlinda aliinama akambusu mumewe utosini mbele ya Chano, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kompadre," Chano akasema, "binti yako atanikamata mimi siku nikirudi."

"Nitamwandikia asikuachie," Fidencio akasema.

Siku ya mwaka mpya hakuna kazi mashambani. Asubuhi Herlinda alikuwa na sufuria kubwa la pozole, supu ya mahindi na nyama, jikoni, wavulana wanagombania viti, na Fidencio ameiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Alikuwa amevaa shati jeupe na kunyoa, utadhani yeye ndiye anayekabidhiwa fimbo ya utopili. Kule Santa Inés kengele ilikuwa inalia, na Herlinda akawaambia wavulana, sikilizeni, huyo ni dada yenu anapiga.

Simu ilionyesha dari, kama kawaida. Karani akaanza kuita. Nyumba moja moja, ipo, ipo, ipo. Fidencio alijua mpangilio ule vizuri, na nyumba yao ilipokaribia mwili wake wenyewe ukajikaza, kwa mazoea, kujiandaa kwa kimya.

"Nyumba ya Velasco!"

"Ipo!"

Karani, mazoea nayo, alikuwa ameshaanza kusema, "Yuko Ka..." Akajikata katikati, akacheka, na watu wakacheka naye. Akaita tena, kwa raha zake sasa. "Nyumba ya Velasco!"

"Ipo!" Yaretzi akaitika kwa nguvu zaidi.

Fidencio alikaa sakafuni palepale jikoni na shati lake jeupe. Wavulana wakamwuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Kisha picha ikayumba, simu ikawekwa kwenye benchi, chali, na kwenye kioo ikabaki dari peke yake, boriti na kipande cha lipu la babu. Zikasikika hatua za bibi Eufrosina zikienda mbele ya ukumbi, kisha sauti ya mjukuu wake ikisema, bibi, utanivunja mbavu.

"Mama, geuza simu!" Fidencio akaita. "Mama! Sioni kitu!"

Hakuna aliyemjibu. Mama yake alikuwa ameshika mtu kwa mikono yote miwili. Fidencio akaendelea kuitazama dari, na hakuomba tena igeuzwe.